Mkwe Kwenye Mkeka

Jumamosi ukumbi wa kanisa pale Zombe ulijaa. Nesi alikuja kutufundisha kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla: mwenzako anapiga simu, wewe unabonyeza kifua kwa nguvu na haraka, wala huachi mpaka msaada ufike. Fundi mmoja wa pikipiki alimbonyeza mwanasesere wa plastiki hadi tukampigia makofi.

“Sasa mtu alale hapa, fundi atuonyeshe mikono inawekwa wapi,” nesi akasema. “Hakuna kubonyeza.”

Mama mmoja wa kwaya akajinyoosha kwenye mkeka, akafunga macho. Fundi alipomwona akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaangalia mabati.

“Nesi, huyu siwezi. Ni mkwe wangu, mama ya bibi yangu.”

Ukumbi mzima tukaguna kumuunga mkono. Kwetu mtu na mkwe wake hata kupeana mkono ni shida.

“Na moyo wake ukisimama mkiwa wawili tu nyumbani?” nesi akauliza.

“Nitaita jirani.”

Maiti ikafungua jicho moja. “Mkwe wangu, siku hiyo bonyeza. Tutaoneana haya nikiamka.”

Fundi akapiga magoti, uso ameuelekeza dirishani, mikono iko mahali pake kabisa. Mama akafunga jicho, akaendelea kufa.

Nilicheka njia nzima. Kufika nyumbani nikakumbuka kwamba mchana kutwa ninayebaki naye ni mke wa mwanangu, ambaye hunisalimia akiangalia kuku. Jumamosi ijayo nampeleka kwa nesi. Mkekani nitalala mimi.