Pikipiki Iliyosaga Wimbi

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole. Hata kusema husema polepole, isipokuwa nikiwa na nyanya yangu. Kwetu Kisii nyanya na mjukuu hutaniana bila haya, na yeye huniita mume wake.

Miaka hii ya sabini ilipoanza, mjomba wangu alihamia mbali akaniachia pikipiki yake kuukuu. Nyanya alifurahi kuliko mimi. Dada yake pekee aliyebaki hai alikuwa mgonjwa kule Manga, na magoti ya nyanya hayakuweza tena kuupanda ule mlima. Nikampakia. Hatukumaliza hata shamba la chai.

"Nishushe, mume wangu," akasema. "Nimebaki na meno matatu, na bado nayahitaji."

Pikipiki ilitetemeka mpaka mikono ikafa ganzi. Fundi wa Kebirigo aliisikiliza, akasema injini imeisha ndani, lazima ifunguliwe yote. Nyanya alipopata habari hiyo alikuwa akipepeta wimbi. Aliendelea kupepeta, lakini nilimwona akitazama upande wa Manga.

Asubuhi nikaisimamisha uani bila kutia gia, nikaiwasha. Magurudumu yalitulia, lakini ilitetemeka vilevile. Basi kosa halikuwa kwenye magurudumu wala cheni. Nyanya akaja na ungo wake wa wimbi.

"Mke wako mdogo ana homa," akasema, akainama kuitazama pikipiki. Ungo ukainama naye, wimbi ikamwagika juu ya injini.

Punje nyingi ziliruka zikaanguka chini. Chache ziliingia kule nyuma, pale injini inaposhikana na fremu, na hapo ukaanza kutoka unga.

"Tena anasaga kunishinda," nyanya akasema.

Nikazima. Injini na fremu zinatakiwa kukaa kama kitu kimoja. Kama wimbi inasagika katikati, pana nafasi. Nikaifungua bolti inayozishikanisha. Mahali pa washa, ile pete ya chuma ya kukazia bolti, mjomba alikuwa ametia kipande cha kibuyu alichokitoboa, nacho kilikuwa kimelika, yamebaki makombo.

Nyanya aliyageuza kiganjani. "Kibuyu changu cha maziwa. Na mimi nililaumu mbuzi."

Nikatia washa za chuma, nikakaza, nikawasha tena. Nyanya aliweka kiganja juu ya kiti, akakuta kimetulia, kisha akaingia ndani kuvaa nguo yake ya kanisani.

Manga tulifika. Dada yake alijiinua kitandani.

"Umeupandaje mlima?"

"Nimeletwa na mume wangu."

Walicheka mpaka mgonjwa akakohoa. Mimi nilikaa mlangoni nikiwatazama.

Dada yake alipona, na sasa nyanya anataka kwenda kila mwezi. Lakini tukishuka mteremko, pale pa kuwekea miguu bado panatetemeka kidogo, na sababu sijaipata. Ukiijua, tafadhali niandikie. Nitakujibu, ingawa polepole.