Uzio wa Chaki

Majirani wa Chanika walisema mtoto anayefuga mende hatafika popote. Leo nina stashahada ya afya ya mifugo, nimefanya kazi Muscat, nimerudi na kujenga hapahapa, nyumba ya vigae inayoonekana tangu barabarani. Nayasema haya bila haya. Lakini juzi machinga alipita getini akinadi chaki ya mende, "Chora mstari, mende havuki," nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Nisikilize, rafiki yangu. Nililelewa na bibi. Masika moja nilimwokota mtoto wa kenge mtaroni, hazidi mwiko wa ugali, nikamfuga kwenye banda lililoachwa na sungura. Kenge mdogo anataka wadudu, na panzi hawakutosha, ndipo nikaanza kuzalisha mende. Bibi alinipa ndoo yake. Mangi wa dukani na mama wa chipsi waliniazima trei za mayai za plastiki, jirani akaniazima kipande cha chandarua cha kufunika. Trei unazisimamisha ndani ya ndoo, mende wanajibanza kwenye vishimo. Ukingoni unapaka mafuta ya kupikia ili wateleze. Niliwalisha pumba na ukoko wa ugali. Ungetega sikio ungewasikia wakichakarika kama mtu anayekunja gazeti taratibu.

"We mfugaji," jirani alinitania kila asubuhi, "maziwa ya mende leo bei gani?"

"Shikamoo. Lete chombo kwanza."

Bibi alicheka, ila ndoo hakuigusa. "Wenzio wanafuga mbuzi, mume wangu," alisema. "Sikio la kenge, halisikii mpaka damu itoke."

Idi ikakaribia, na wageni wetu wa Lindi walikuwa njiani. Jirani akamwambia bibi kwamba pilau ya nyumba yenye mende hailiki. Bibi angeweza kunitupia ile ndoo. Badala yake, nikiwa shule, alinunua chaki kwa machinga. Machinga kamwambia mende havuki mstari, naye akalichukua neno kama lilivyo. Nilipofika alinishika mkono.

"Njoo uone. Nimewajengea boma mifugo yako. Hawatoki, na hakuna wa kuwafukuza."

Alikuwa amechora duara chini kuizunguka ndoo, kisha akafuta mafuta yangu na kuchora ukingo wote, hata kwenye trei. Mistari ilikuwa imenyooka. Nilifurahi, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaita mifugo. Jioni nikampa kenge mende wake. Walikuwa wazito, wepesi kushikwa, nikadhani wameshiba.

Asubuhi nilimkuta kenge mdomo wazi, miguu ikitetemeka. Adhuhuri ilimkuta amekufa. Kwenye ndoo mende wote walikuwa chali. Mangi ndiye aliyetuambia kwamba chaki ile ni sumu. Bibi alibaki ameishika kiganjani, akirudia, "Alisema hawavuki. Mimi nilijua ni uzio."

Siku hizi mtaro umefukiwa, na mahali pa banda pana duka la vocha. Bibi alizikwa nikiwa Muscat. Walinisimulia kwamba shehe aliuliza kama kuna anayemdai marehemu, watu wakanyamaza. Stashahada yangu inajua dawa ya kila mnyama, na hainisaidii kitu nikiukumbuka uso wake siku niliporudisha vya watu.

Nilisugua kila kitu kwa sabuni na majivu, nikaanika. Mangi alipokea trei zake bila kuzihesabu. Mama wa chipsi alinifungia chipsi kwenye gazeti, akasema, "Pole, baba." Jirani alichukua chandarua chake, na siku hiyo hakutania. Ikabaki ndoo. Bibi aliipokea kwa mikono miwili.

"Na mimi, unanidai?"

"Sikudai, bibi."

Aliinama akatazama ndani ya ndoo kana kwamba kulikuwa na kitu.

"Sema tena, mume wangu."

Nikasema tena.