Upinde wa Mlango wa Chini

Audax aliutazama upinde wa baba yake kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hajui amlaze wapi. Uliegemea ukuta wa chumba cha mbele, mrefu kumpita yeye mwenyewe, mweusi kwa moshi na kwa siagi ambayo Kasiano, jirani yao, aliupaka kila kiangazi kwa miaka yote ambayo wao walikuwa uhamishoni. Wengi waliorudi Butihinda walikuta nyumba zimeanguka na mashamba yana wenyewe wengine. Audax alikuta shamba lake lipo. Na kabla hajamaliza kuezeka nyumba, Kasiano akaja akichechemea, ameubeba upinde kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Baba yako aliniachia asubuhi ile mlipovuka kwenda Tanzania," alisema. "Alisema, mwanangu atakuja kuuchukua. Basi, uchukue."

Audax aliupokea, akashukuru. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, kwa sababu hakuweza kuuvuta.

Alikuwa mtoto walipokimbia vita, mwaka ule wa 1993, na baba yake alizikwa huko huko Ngara, katika kambi ya Lukole. Huko huko Audax, akiwa kijana, alianguka kutoka juu ya mti akikata kuni, bega la kulia likavunjika. Fundi wa mifupa aliliunga, nalo likaungana kwa namna yake. Jembe lilishika. Mzigo lilibeba. Ila kiwiko kikirudi nyuma hadi usawa wa sikio, kitu ndani ya bega kilikwama kama mlango uliovimba kwa mvua, na mkono wote ukaanza kutetemeka. Jambo hilo alilijua yeye na mkewe Jovina tu.

Angeweza kuishi nalo kama si nguruwe pori. Walikaa kwenye mafunjo ya bondeni, wakapanda usiku kula mihogo, na kila kiangazi wanaume wa kilima kile waliwawinda. Wachache waliingia bondeni na mbwa waliofungwa kengele shingoni. Wengine walisimama kwa safu kati ya mafunjo na mashamba, kila mmoja katika uwazi wake baina ya vichaka, uwazi waliouita mlango. Mlango wa chini kabisa, kando ya kijito, ulikuwa wa baba yake Audax. Unaofuata juu yake ulikuwa wa Kasiano, ambaye goti lake la kushoto liliharibiwa na nguruwe zamani, na ambaye hakuweza tena kukimbia. Nguruwe aliyepita mlango wa chini akiwa mzima alimfikia Kasiano. Hilo lilijulikana kwa kila mtu.

Tena kulikuwa na desturi moja ambayo hawakuichezea. Mwanamume aliingia kwenye safu na upinde mmoja. Aliuleta uani kwa Kasiano, wenzake wakauona, ukapakwa povu la pombe ya ndizi, na kuanzia hapo huo ndio ulikuwa upinde wake mpaka uvunjike au yeye azikwe. Hapakuwa na kujaribu huu mwaka huu na ule mwakani. Watu wanaofyatua mishale vichakani huku wenzao wako karibu wanataka kujua mshale wa kila mmoja unafika wapi.

"Mwambie tu Mzee Kasiano," Jovina alimwambia.

"Nimwambie nini? Kwamba siagi yake yote ile ameipaka bure?"

"Ndiyo."

"Unasema kirahisi."

"Si kirahisi, baba Elias. Nguruwe akimfikia yule mzee, mimi ndiye nitakayekaa na mkewe matangani. Nitamtazama vipi?"

Audax alikuwa ameshapata njia yake. Aliyeuchonga upinde alikuwa fundi mmoja wa Gitega, Zuberi, na baba yake alilitaja jina hilo mara nyingi kambini. Angempelekea aupunguze unene, uwe laini, kisha aurudishe ukiwa na sura ile ile. Nani angejua?

"Naenda kuutia kamba mpya," alimwambia Kasiano.

Mzee alifurahi mno, akampa maparachichi ya kula njiani. Audax aliyabeba hadi Gitega bila kuyala.

Huko Gitega, pale Mushasha, kwenye lango la kanisa, katekista mmoja aliutazama upinde, akamwelekeza mtaa wa Yoba bila kuuliza. Uani kwa Zuberi vumbi la mbao lilifika vifundoni. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, alikaa mkekani akikwangua mti kwa kipande cha chupa.

"Habari za kazi, mama. Namtafuta fundi Zuberi."

"Zuberi iko makaburini, ndugu. Mi ni Amisa, mtoto yake. Unatoka wapi?"

"Butihinda, kule Muyinga."

"Butihinda, na unasema Kiswahili ya redio! We ulikuwa Tanzania."

"Nimekulia huko."

"Inasikika. Nyinyi mukitaka maji, kwanza munaomba samahani. Kaa. Leta hiyo."

Upinde haukuwa na kamba. Amisa aliulaza mapajani, akatembeza kidole gumba mpaka kwenye alama ndogo ya moto chini ya mshiko. Kidole kilikaa hapo muda.

"Hii ni mukono ya baba," alisema. Kisha akacheka kidogo. "Sasa sikiliza. Bila kamba, naigusa. Ikishatiwa kamba, sigusi. Wawindaji wanasema mukono ya mwanamuke inafukuza nyama. Bon. Baba alikufa, wateja wakabaki. Donc, basi, mi nachonga, kamba unatia mwenyewe. Na huko kwenu usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Voilà. Umeelewa. Unawinda nini?"

"Nguruwe pori."

"Astaghafirulahi! Huyo hatutamutaja hapa. Tuseme mwenye pua."

"Mwenye pua," Audax alikubali, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani. Ndipo akaona anaweza kulisema ombi lake: apunguze mti, kidogo tu, upande wa ndani ambako watu hawatazami.

Amisa aliacha kucheka.

"Hii imekauka miaka mingi. Nikiipunguza leo, siku moja itakatika, na itakatika ukiwa umeivuta, mwenye pua iko mbele yako. Kwa nini unataka nipunguze?"

"Ni mgumu kidogo."

"Tia kamba, nione."

Audax alisimama. Alikanyaga ncha ya chini, akauegemea upinde kwa uzito wake wote. Bega likakwama. Jasho likamtoka. Kitanzi cha kamba kilikaribia ncha ya juu, kikarudi, kikakaribia, kikarudi. Amisa alikuwa amegeuka, anatazama kuku wake kama anayewaona leo. Alipousikia upinde umewekwa chini, aliingia ndani, akatoka na kwapa limejaa pinde.

"Hapa hatujaribu kwa kufyatua," alisema. "Kufyatua ni mara moja, kila mutu anaweza. Mwenye pua anasimama kwenye majani, anasikiliza, na we unangoja umevuta. Chagua, tia kamba, vuta mpaka kwenye shavu, halafu tuongee. Na usiachie! Ukiachia bila mshale, itapasuka."

Audax aliujua wa kwake mara tu alipouona. Ulikuwa mrefu, mwekundu, umenyooka, karibu sawa na wa baba yake. Mtu angeingia nao uani kwa Kasiano akiwa ameinua kichwa. Aliutia kamba kwa shida, lakini aliutia. Akauvuta. Ulifika shavuni.

"Unaitwa nani?" Amisa alirudi kukwangua mti wake.

"Audax."

"Bibi?"

"Jovina."

"Watoto?"

"Elias. Na Anisia, mdogo." Ndani ya bega kitu kilianza kuwaka. Aliuma meno.

"Umelima nini mwaka huu?"

"Mihogo. Maharage." Ncha ya upinde ilianza kucheza, kidogo, kama jani.

"Na pale unaposimama, karibu yako anasimama nani?"

Audax alifungua kinywa. Alitaka kusema Kasiano. Jina lilitoka nusu, nusu nyingine ikapotea pamoja na pumzi, na ncha ya upinde ikayumba huku na huku. Aliurudisha mkono polepole, akasimama akihema.

Amisa hakuinua macho. "Jina sijasikia," alisema.

Audax alisimama na upinde ule mwekundu mkononi, mzuri, na akajua kwamba bado anautaka. Hilo ndilo lililomtisha kuliko maumivu. Angeweza kuuchukua hata sasa. Uani kwa Kasiano hakuna ambaye angemwambia avute na aongee.

Aliuweka chini. Katika lundo alichukua mmoja mfupi, wenye kifundo karibu na mshiko, ambao mara ya kwanza hata hakuutazama. Kamba iliingia bila ugomvi. Akavuta.

"Kasiano," alisema kabla ya kuulizwa. "Anasimama Mzee Kasiano. Goti lake la kushoto ni bovu, hawezi kukimbia. Yeye ndiye aliyeutunza upinde wa baba. Aliupaka siagi miaka yote, na hata hakujua kama sisi tuko hai." Sauti yake ilikwenda sawa, kama ya mtu aliyeketi. Akaendelea: siku waliyovuka, Lukole, mti wa kuni, bega, uongo wa kamba mpya.

"Shusha sasa, ndugu," Amisa alisema mwishowe. "Umeongea mpaka mi nimechoka."

"Huu utaua?"

"Karibu, ndiyo. Mbali, hapana. Utamungoja akuje karibu kuliko wengine wanavyomungoja. Hiyo, mi siwezi kukuchongea."

Alilipa, akapanda basi, na njia nzima ya kurudi, pinde mbili zikiwa miguuni mwake, Audax alitunga uongo. Angesema wa baba umepasuka. Fundi ameukataza. Kufika mjini Muyinga uongo ulikuwa umekamilika, mzuri, hauna tundu.

Jumapili baada ya misa wanaume walikusanyika uani kwa Kasiano. Audax alipoutoa ule mfupi, Longino, mpwa wa Kasiano, ndiye aliyeanza.

"Yoo! Mtanzania ametuletea mwiko!"

"Huo ni wa panya," mwingine akadakia. "Na panya mwenyewe awe mgonjwa."

Kasiano hakucheka. "Wa baba yako uko wapi?"

"Huu hapa, Mzee." Aliutoa kwenye kitenge.

"Ni mmoja tu unaoingia. Unajua."

"Najua."

"Basi kwa nini naona huo mwingine?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Audax alilitazama goti la mzee, limefungwa kitambaa kama kila siku ya mawindo.

"Siwezi kuuvuta wa baba," alisema. "Bega langu lilivunjika Lukole. Tangu uliponipa sijawahi kuuvuta hata nusu, na kukuambia niliogopa. Huu naweza. Kama mlango wa chini haukubali huu, nipe fimbo, nitaingia bondeni na mbwa."

Kuingia na fimbo ilikuwa kazi ya vijana wasio na upinde. Longino alianza kucheka tena. Kasiano akamsogezea upinde mrefu.

"Wewe mwenye mdomo, tia kamba."

Longino alitema mate viganjani, akauinamia. Ncha ikateleza, ikamgonga kidevu hadi akakaa chini. Uani wote ukaangua kicheko. Kasiano tu ndiye hakucheka. Alichovya vidole kwenye povu la pombe, akaupaka upinde mfupi, bila kumtazama Audax usoni.

"Mlango wa chini," alisema. "Na mimi nitakuwa pale pale pangu."

Jua lilikuwa limeinama kidogo kengele za mbwa zilipoanza kulia bondeni. Kutoka mlangoni pake Audax alimwona Kasiano juu yake, ameegemea mguu mzima, shingo ameigeuza kutazama huku chini. Mafunjo yakatikisika. Kisha yakanyamaza. Mnyama alikuwa amesimama hapo ukingoni, ndani ya majani, anasikiliza.

Audax alivuta.

Mnyama hakutoka. Bega likaanza kunung'unika. Moyoni alianza kutaja tena, kama kule Yoba kwa Amisa: Jovina, Elias, Anisia, mihogo, maharage. Aliona pua, ikapotea. Mwingine angefyatua. Yeye alingoja. Kasiano, aliendelea, Mzee Kasiano, goti la kushoto.

Nguruwe alitoka mbio, dume kubwa, akapinda kuelekea juu. Alipita karibu kiasi kwamba Audax aliona matope yaliyokauka kwenye manyoya. Aliachia. Mshale uliingia nyuma ya mguu wa mbele, ukazama, lakini mnyama hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee. Kasiano aliinua upinde wake, mguu mbovu ukamkatalia, akaanguka kwa goti. Nguruwe akapunguza mwendo kama aliyesahau kitu, miguu ya mbele ikakunjika, akalala kwenye tuta la mihogo baina yao.

Audax alifika akikimbia. Kasiano alikuwa bado amepiga goti.

"Ulikuwa unangoja nini? Mimi nilishaanza kusali!"

"Nilingoja akaribie, Mzee."

"Alikaribia kwangu!"

Wakatazamana, na mzee akacheka mpaka akashika tuta asianguke. Audax alimnyanyua kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, unaning'inia, na Kasiano aliuona, akauacha.

Walipokuwa wakipanda, mzee alisema, "Ule wa baba yako nirudishie. Kiangazi bila kuupaka siagi mikono yangu haina la kufanya."

Audax aliurudisha jioni ile ile, na Kasiano akautundika mahali pake pa zamani juu ya meko. Upinde mfupi ulikaa na Audax. Kamba zilikatika, akatia nyingine. Kifundo kile kikawa cheusi kwa kushikwa. Alingoja karibu kuliko wote, na si mara zote alipata.

Kiangazi kilichofuata, kengele zilipoanza bondeni, alitazama juu kumtafuta mzee. Kasiano alisimama mlangoni pake, macho mbele kwenye mafunjo, akikuna kidevu. Shingo hakuigeuza kutazama mlango wa chini.