Dawa Inayoponya Panya Tu

"Shangazi, mbona panya wanapona na watu bado?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, siku aliyokuja kwetu akicheka peke yake. Panya wake wa maabara, wenye saratani ya damu, walikuwa wameamka na kuanza kugombania chakula. Alinipa pipi akaniambia nikanawe mikono. Mtu mzima akikosa jibu, mikono ya mtoto huwa michafu ghafla.

Kazi ya shangazi ni kufungasha. Dawa ya saratani ya damu, anasema, ni kali na haichagui: inaua chembe mbovu, inaua na nzima. Basi yeye anaifunga ndani ya vifurushi vya polima, jamaa ya plastiki ila hii huyeyuka mwilini, vidogo hata jicho halivioni. Juu yake anapaka kitu kama gundi inayoshika chembe mbovu tu. Kwenye karatasi, mambo safi. Mwilini, ini linakamata karibu kila kinachopita. Vifurushi anavitia rangi inayong'aa ili aone vimefika wapi, na mara nyingi ini la panya lilikuwa linawaka kama duka la simu.

"Hilo ini ni askari wa ushuru," baba alimtania dada yake. "Lipe chai kidogo liachie mzigo."

Alitania hivyo mpaka mwaka juzi, fizi zake zilipoanza kutoka damu na ngazi za nyumbani zikamshinda. Saratani ya damu. Kati ya magonjwa yote duniani, baba aliokota la ofisini kwa dada yake.

Bibi, mama yao, hakuona tatizo.

"Si una dawa? Tia chupa moja kwenye mkoba, nani atajua?"

"Mama, hiyo ni ya panya."

"Panya wanapona, mwanangu anaumwa!"

"Haijawahi kuingia kwa mtu hata mmoja. Sijui itamfanya nini."

"Sasa miaka yote hiyo unafanya nini huko? Unafuga?"

Baba akajitahidi kukaa kitandani. "Dada, nipe tu. Nikiota mkia nimekusamehe."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikataa.

Hospitali wakampa baba dawa ya kawaida, ile ile anayoifungasha shangazi, ila yenyewe tupu, bila kifurushi. Nywele zikaondoka, mdomo ukajaa vidonda. Na aliyemshikia beseni la kutapikia ni shangazi, mtaalamu wa kuizuia dawa hiyo isifanye hivyo. Bibi alikuwa akimpita mlangoni kama anapita kabati.

Mwezi uliopita daktari alisema damu ya baba imetulia, ila tusishangilie sana. Bibi akashangilia. "Na bila dawa ya mtu fulani!" akasema, kwa sauti ya kufika jikoni.

Jikoni tulikuwa mimi na shangazi, tunasuuza beseni. Nikamuuliza tena lile swali langu la darasa la tatu. Safari hii hakunipa pipi.

"Kabla ya panya wale kupona niliua wengi," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiniita dada."