Chatu Alikataa Kula Mbele ya Wageni

Panya wa chatu hataki haraka. Unamtoa kwenye friza akiwa mgumu kama jiwe, unamtia kwenye mfuko wa plastiki, unaulaza mfuko kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Si maji ya moto. Ukitumia ya moto anapasuka tumbo, na harufu yake itakaa nyumbani kwako mpaka Pasaka. Akishalainika unamshika mkia kwa koleo refu, unamtikisa kidogo mbele ya chatu, na kabla hujashusha pumzi ameshakamatwa na kuviringwa. Hiyo ndiyo kazi yote. Haina uchawi wowote, na anayesema iko na uchawi aje anisaidie kusafisha mavi yao.

Kazi hiyo nilifundishwa na mume wangu. Kule kwetu Uvira alikuwa fundi cherehani. Durban akawa mtu wa kuosha vizimba vya panya. Alifanya kazi Jacobs, kwenye ghala la mzungu mmoja aliyekuwa anazalisha panya na nyoka wa kuuza. Mzungu alipofunga biashara akahamia ng'ambo, alimwachia mume wangu chatu wawili, dume na jike, wa aina ya Australia, wa rangi moja tu kama zeituni, bila doa. Alimpa pamoja na karatasi zao zenye muhuri. Siku ile tulicheka mpaka machozi. Nyoka walikuwa na vibali kamili, na sisi tulikuwa bado tunapanga foleni tangu alfajiri kuomba vyetu viongezewe muda.

Tuliwaweka chumba cha nyuma, kila mmoja kwenye sanduku lake lenye kioo mbele na taa ya joto juu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mhindi pale Overport, na bibi hakujali, mradi wasitoke. Hawana makuu, ila ni walafi. Ukitaka kuwashika siku isiyo ya chakula, unawagusa kwanza kwa fimbo yenye ndoano, wajue leo hakuna kitu. Usipofanya hivyo watadhani mkono wako ni panya. Mume wangu alikuwa anawapigia mluzi akiwalisha. Nikamwambia, "Weye, nyoka hasikii mluzi. Unampigia nani?" Akasema, "Najipigia mimi." Basi.

Halafu kifua kikamchukua. Alikohoa msimu mzima wa baridi na hakumaliza mwingine. Alipokufa, alikuja mtu mwenye gari zuri kutaka kununua nyoka, nikamfukuza. Nitasema wazi, sioni haya: nilimpenda yule mwanaume, na wale chatu walikuwa kitu pekee ndani ya nyumba alichokuwa anakishika kila siku kwa furaha. Nguo zake niliweza kuzigawa. Wao sikuweza.

Sasa, mtu wa kwetu akifiwa nyumbani haendi kuzika. Karatasi zetu hazina ruhusa ya kurudi kule tulikokimbia. Kwa hiyo kilio kinafanyika hapa hapa. Mama wa kanisa wanakuja na magodoro yao, wanalala kwako mpaka ipigwe simu kwamba mwili umeshalala kaburini. Wanapika, wanaimba, wanakulazimisha unywe uji hata kama unatapika. Walinifanyia hivyo kwa mume wangu. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa, niliwaambia iko vitu vyake vya kazi, na hawakuuliza. Mimi pia nimelala kwenye vilio vya watu Point, Albert Park, hadi Chatsworth, nimesugua masufuria ya wafu nisiowajua.

Na mama yangu alikuwa anaumwa kule Uvira. Miguu ilivimba, kisha tumbo, kisha sauti yake kwenye simu ikawa inakuja kutoka mbali, hata mtandao ukiwa mzuri. Nilijua atakufa na sitamzika. Nilichokuwa naomba ni kimoja: aliliwe na watu. Asililiwe na mimi peke yangu kwenye chumba cha kupanga.

Shida ilianzia kwenye friza. Ya kwangu ilikuwa kubwa kuliko za wote, kwa hiyo ikawa friza ya kanisa. Ikija sikukuu, mama wote walileta samaki wao kwangu, wale thomson wanaouzwa kwa boksi, nikawapanga. Panya chini, ndani ya mfuko mweusi wenye mafundo mawili, samaki juu. Sikuona ubaya. Baridi ni baridi.

Rafiki yangu ndiye aliyekuwa na ufunguo wangu. Tulitoka naye Uvira, tukavuka mipaka yote pamoja, tukala muhogo mmoja kwa kuugawa na meno. Siku moja kabla ya Pasaka nilikuwa saluni nasuka, yeye akaja kuchukua samaki pamoja na mama wawili. Boksi la chini lilikuwa limegandana na ule mfuko mweusi. Wakavuta, mfuko ukachanika, panya wakamwagika sakafuni, weupe, na mikia yao. Jinsi walivyopiga kelele, hata watu waliosimama kwenye robot, zile taa za barabarani, walisikia. Na wakiwa wanatafuta mlango wa kukimbilia, wakafungua ule wa chumba cha nyuma, ambao asubuhi ile nilisahau kuufunga kwa ufunguo.

Eish. Sijui niseme nini tena.

Kabla sijamaliza kichwa cha mteja, nilikuwa tayari mchawi. Kumbe mume wangu nilimtoa sadaka! Kumbe iko nyoka wanaonitapikia hela! Niliwauliza, kama wananitapikia hela, mbona nasuka vichwa vya watu mpaka miguu inakataa viatu? Nadhani kilichowauma hasa ni wale samaki. Sikukuu zote zilizopita waliwala, wakalamba vidole, wakanisifu.

Mama Mchungaji aliniita. Ni mwanamke mpole, sauti yake haipandi, na hiyo ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Akasema, "Dada, hatukuhukumu. Tuambie tu ile kitu ni nini."

"Ni mnyama, Mama. Anakula, anakunya, analala."

"Mnyama wa kawaida?"

"Njooni mumwone anavyokula," nikasema. "Mkimwona anakula kama kuku anavyokula, yaishe."

Hasira ndiyo iliyosema, lakini ilinipa matumaini. Wakimwona anakula, watacheka, watasema kumbe ni hivi tu, na simu ya Uvira ikija nitakuwa na watu wangu. Tukapanga Jumamosi mchana. Dume alikuwa ameshalishwa wiki ile, tumbo limejaa, hafai. Nikamtegemea jike. Yule jike hajawahi kukataa kitu. Ungemtikisia soksi angeila. Siku zile alikuwa amejificha ndani ya boksi lake la kulalia, rangi imefifia kidogo, nikadhani ni baridi, nikaongeza joto la taa.

Walikuja wakiwa wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, Mama Mchungaji mbele, rafiki yangu nyuma kabisa. Nilikuwa nimeweka viti na soda. Hakuna aliyegusa soda. Nikamyeyusha panya mbele yao, nikaeleza kila hatua kama mwalimu, nikafungua kioo, nikamtikisa panya mbele ya boksi.

Jike akatoa kichwa taratibu. Na macho yake yalikuwa meupe. Meupe ya bluu, kama maziwa yaliyotiwa maji, hakuna mboni. Nilijua palepale. Alikuwa anakaribia kujivua gamba, na chatu anayekaribia kujivua haoni vizuri wala hataki kula. Mume wangu aliniambia mara ngapi! Panya akamgusa pua, naye akageuza kichwa, akarudi ndani polepole kama mtu aliyeudhiwa.

"Anajivua gamba," nikasema. "Mama, nawaomba, mrudi wiki ijayo. Gamba la macho linapauka kwanza, halafu—"

Lakini walikuwa wameshasimama, maombi yamelipuka. Mmoja alisema nyoka amewatambua watu wa Mungu, ndiyo maana amefunga kinywa. Mwingine akasema yale ni macho ya mume wangu. Hilo lilinichoma. Mume wangu alikuwa na macho mazuri, ya kahawia, na yule mama alikula kwenye meza yake. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na siyajutii.

Mama Mchungaji akangoja kelele zitulie. "Wachomwe moto," akasema kwa ile sauti yake. "Halafu tutakuombea nyumba. La sivyo, dada, hakuna mama wa kanisa atakayelala tena chini ya paa hili."

Nilimtazama rafiki yangu. Akatazama sakafu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wa kwangu alikuwa anahesabu vigae.

Wiki iliyofuata jike alijivua gamba lote kwa kipande kimoja, tangu pua hadi mkia, akang'aa hata ukimtazama kwa chuki. Akala panya wawili mfululizo na bado akawa anatafuta. Nikapiga picha ya gamba, na video anavyokula, nikatuma kwenye kikundi cha simu cha mama wa kanisa. Nikaandika, "Haya, shi niliwaambia?" Baadaye nikaona nimeondolewa kwenye kikundi.

Mama yangu alikufa Julai, asubuhi. Wifi yangu alipiga, na kabla hajasema nilijua, kwa sababu hakuanza na salamu. Nilimwarifu rafiki yangu tu, na habari ikasambaa. Nikaosha nyumba. Nikatoa vitu vyote sebuleni nipate nafasi ya magodoro. Nikapika sombe ya majani ya muhogo na samaki na bugali kwenye masufuria makubwa, nikiwa nalia ndani ya moshi wa mafuta, kwa sababu ujue, siku ya kwanza mfiwa hapiki. Mfiwa anapikiwa. Lakini nilifikiri, nikiwawekea chakula, wataingia.

Walikuja. Siwezi kusema hawakuja. Ingekuwa aibu kwa kanisa. Walikuja na viti vyao vya plastiki, wakavipanga uani karibu na geti, mbali na mlango wangu. Walikuja na maji yao ya chupa. Waliimba vizuri sana. Bibi Mhindi alitoka kibarazani akafuta machozi, na hajui hata neno moja la Kiswahili. Mimi nilikaa mlangoni kwangu, katikati ya nyumba tupu na wimbo wa mama yangu. Niliwaambia chakula iko tayari. Wakasema, asante dada, tumekula. Wote walikuwa wamekula! Magodoro hawakuleta. Jua lilipoanza kuinama wakakunja viti.

Rafiki yangu alibaki nyuma kidogo, akanijia mpaka kwenye ngazi, asipande. "Ya," akasema, yaani dada, ananiita hivyo tangu utoto, "uzime tu ile taa yao. Na baridi hii watakwenda wenyewe, hautakuwa umewaua. Kesho tutakuja na magodoro."

Nilimfikiria mama yangu. Nilifikiria vizuri, sitadanganya, nilienda mpaka chumba cha nyuma nikaweka kidole kwenye swichi. Jike alikuwa amejilaza chini ya taa, dume kwenye sanduku lake, wote wawili hawana habari na mtu. Kama mama angelililiwa na watu waliokuja kwa sababu nimeua, basi hakuliliwa. Nikatoa kidole. Niliporudi mlangoni rafiki yangu alikuwa ameshafika getini, kwa hiyo sikuhitaji kumjibu.

Masufuria yalikuwa yamejaa vilevile. Chakula cha kilio hakitupwi, hata mama angenikasirikia. Nikakigawa kwenye vibakuli vyenye vifuniko, nikafungua friza. Nafasi ilikuwepo tele, hakuna tena samaki wa mtu. Nikavipanga juu ya panya.

Kilikaa muda mrefu kile chakula, watu wengi walikuwa wamepikiwa. Kila siku ya kuwalisha nilitoa panya wao, na nikatoa na kibakuli changu kimoja, nikaviweka vyote viyeyuke. Wao walikula kwanza. Halafu nami nikakaa pale kwenye joto la taa yao, nikala kilio cha mama yangu peke yangu, mpaka kikaisha.