Fedha za korona zilivyotujengea ukumbi wa kunywea kahawa hapa Muscat

Wakuu, habari za mapumziko. Hii sijasimuliwa na mtu. Nimeiona kwa macho yangu, na mgonjwa mwenyewe ni mama yangu mzazi. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka chini.

Sisi ni Waomani wenye asili ya Unguja, tunakaa si mbali na Wadi Kabir. Mtaa siutaji, maana wenyewe wamo humu wanasoma.

Mama ana kisukari. Mguuni ana kidonda kinachotakiwa kusafishwa na kufungwa mara kwa mara. Hospitali iko mbali, na kumpandisha mama kwenye gari ni vita. Siku nyingine anagoma kabisa. Daktari alishatuonya kwamba tukizembea, mguu unaondoka.

Ndipo likatushukia fungu la kujikwamua baada ya korona. Mtaa ukapewa fedha za kujenga kituo cha afya. Kwenye ramani kulikuwa na chumba cha kufungia vidonda. Nilifurahi jamani, nusura nimbusu mchoraji.

Tatizo likawa kamati ya ujenzi.

Mwenyekiti ni Ami Nassor, mdogo wake marehemu baba. Mkarimu kupita kiasi. Na huku kwetu akiumwa mmoja, anasindikizwa na ukoo mzima. Basi wazee wakauliza hao wasindikizaji watakaa wapi. Ikaongezwa majlis, yaani ukumbi wa kupokelea wageni.

Kikao kilichofuata wakakumbuka kumbe kuna na wanawake. Majlis nyingine.

Halafu wakajadili mazulia mpaka adhana. Wallahi rangi ya mito ilijadiliwa kuliko mashine za presha.

Kila majlis zikinenepa, vyumba vya tiba vinakonda. Nikanyoosha mkono kuulizia vidonda. Nikaambiwa nitulie, mgonjwa akipokelewa vizuri huwa ameshapona nusu hata kabla ya kumwona daktari. Hiyo ni sayansi mpya wakuu, andikeni.

Siku ya ufunguzi nikampeleka mama. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, kwa sababu wiki nzima aligoma kwenda hospitali, anasubiri kituo chake. Tukapokelewa kwa udi na kahawa, kisha likaja sinia la halua. Kituo cha afya, mgonjwa wa kisukari, halua. Full package.

Nesi Rahma, binti wa jirani yetu, akanivuta pembeni. Akaniambia chumba cha vidonda wamekigeuza stoo ya mabirika na vikombe vya kahawa, yeye hana hata pa kuweka pamba.

Nilitaka kulia, sifichi. Mama hakulia. Alinishika mkono akaenda moja kwa moja majlis ya wanaume, wakubwa wote wamekaa na majoho yao. Akaketi katikati ya zulia jipya, akaanza kufungua bendeji.

"Shemegi Nassor," akasema, "nimeambiwa hapa ndo pahala pa kutibiwa. Nami nshafika. Rahma, lete maji yako."

Ami akamjibu kwa sauti ya chini. "Shemegi, hapa pana wageni."

"Nnawaona. Nnataka na wao wauone mguu."

Rahma akapiga magoti akafanya kazi yake. Harufu ilipotoka, udi ulishindwa. Wageni wakaanza kukumbuka dharura zao mmoja mmoja. Ami Nassor alibaki peke yake, kashika kikombe, machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona vile.

Siku chache baadaye mabirika yakahamishwa na chumba kikafunguliwa. Sasa mama anafungwa mguu karibu na nyumbani, na kidonda kinafunga.

Lakini kidole gumba cha mguu huo hatukukiwahi. Kilikatwa. Hilo nina hasira nalo mpaka leo, na Ami anajua.

Nilichojifunza ni hiki: fedha za afya zikija mtaani kwako, achana na habari ya jengo kupendeza. Uliza nani atatibiwa humo, chumba kipi, na usiondoke kikaoni kabla hujajibiwa. Mimi nilinyoosha mkono mara moja nikakaa chini kwa adabu. Adabu yangu mama kailipia kwa kidole.

Haya, kwenu fedha za korona zimejenga nini? Mwagikeni hapa chini. Atakayeleta picha ya geti lisilo na kituo ndani ajue nitacheka kwanza, ndipo nimpe pole.