Radhi ya Haraka Mbele ya Roboti

Jumamosi nilialikwa siku ya wazazi katika shule moja ya msingi huko Akheri. Darasani wanafunzi walituonyesha roboti ndogo ya magurudumu: unabonyeza vitufe vya mgongoni kuipa maelekezo, kisha inatembea yenyewe. Binti mmoja aliielekeza iende moja kwa moja hadi meza kuu. Ikakata kushoto, ikagonga kiatu cha mchungaji mmoja kati ya wageni. Wageni tukaangua kicheko.

"Umebonyeza ovyo," mwalimu alisema.

Mama wa binti huyo, mkulima wa kahawa, alisimama kabla mtoto hajajibu. "Mtusamehe, mwalimu. Huyu hata nyumbani hatulii."

Binti aliinamisha kichwa, lakini hakwenda kukaa. Alifuta maelekezo yote, akabonyeza kitufe cha kwenda mbele tu. Ikakata kushoto tena. Akaigeuza chali, akakuta uzi umejiviringisha kwenye gurudumu. Ulikuwa umechomoka kwenye zulia kuukuu lililotandikwa kwa heshima yetu. Aliutoa, akaanza upya, na roboti ikanyoosha hadi mezani.

Mwalimu alitazama dirishani, nami sikujua uso wangu niuweke wapi. Mama alimwendea mwanawe mbele yetu sote, akamwambia:

"Nisamehe, mama."

"Hata mimi nilishaanza kuamini ni mimi niliyekosea," mtoto alijibu.

Wazazi wenzangu, tuna ulimi mwepesi wa kuwaombea watoto radhi. Ulimi huohuo huwa mzito kuwauliza, "Imekuwaje, mwanangu?"